Vitenge Vilivyonuka Sambaza

Iko siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Ni siku ambayo walimu wa chuo walikuja nyumbani kwangu Kamembe kuangalia kama miaka yangu ya kulea watoto wa watu inaweza kuhesabiwa kuwa masomo. Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia kwamba nawe umeitwa. Umepika katika mgahawa wa shangazi yako tangu ulipoacha shule, na sasa chuo kinataka kukuona jikoni ili kikupunguzie masomo. Nimesikia pia unatafuta koti jeupe la kuazima, na unajifunza kupika chakula ambacho wewe mwenyewe hujawahi kukila. Nikasema huyu lazima nimkalishe chini.

Wakati huo nilikuwa kwenye nyumba hii hii, juu ya barabara inayoteremka mpaka mpakani. Akina mama waliovuka daraja kwenda kuuza Bukavu waliniachia watoto asubuhi na kuwachukua jioni. Wengi waliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na unajua mwenyewe harufu ya sambaza haipigi hodi. Kazi hiyo hakuna aliyenifundisha. Nilizaliwa ng'ambo, shule nikaiachia njiani, na tuliporudi huku nilianza kwa kumshikia jirani mtoto wake. Kesho yake jirani akaja na mwenzake, na ndivyo nyumba ilivyojaa.

Kisha tukaambiwa kwamba nyumba ya kulelea watoto isiyo na mtu aliyesomea kazi hiyo itafungwa. Niliumia sana. Kwenda kusoma mbali miaka yote kungekuwa ni kuifunga mwenyewe, na wale akina mama wangewaacha wapi watoto wao? Ndipo nikapata habari za chuo kimoja kinachowapima watu wazima katika kazi zao. Unachokijua tayari unaandikiwa kuwa umekwisha kukisoma, na kilichobaki unakisoma mwisho wa wiki huku ukiendelea na kazi yako. Niliomba, wakapanga siku ya kuja kuniona.

Sasa sikiliza nilichofanya. Pale kwangu tulikuwa na desturi yetu. Kila mama alimwachia mtoto wake kitenge alichokwisha kukivaa, hakijafuliwa, na mimi nilimfunika nacho mtoto wakati wa kulala. Mtoto akisikia harufu ya mama yake hutulia. Harufu ikiisha, mama alikichukua na kuleta kingine. Vitenge hivyo vilining'inia kwenye kamba ukutani, na kusema kweli vilinuka. Siku moja kabla ya wageni kufika nilivitazama nikaona haya. Nikavitia vyote kwenye gunia na kulificha nyuma kwenye kuni. Nikapiga deki, nikatandika mashuka meupe niliyoazima parokiani. Watoto nao, maskini, nilikuwa nimewafundisha kukaa kwa mistari na kuhesabu kwa Kifaransa, kama nilivyofundishwa mimi zamani.

Walimu walikuja wawili, mama wa makamo na kijana mmoja. Watoto wakahesabu mpaka tatu, halafu kila mmoja akashika njia yake. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Saa ya kulala ilipofika, nikawalaza kwenye mashuka meupe. Aliyeanza kulia ni Keza, mjukuu wa Mama Venansia. Akafuata mwingine, mara chumba kizima. Nikambeba huyu, nikamweka yule, nikaimba, wapi. Yule mama mwalimu aliacha kuandika akawa anaangalia miguu yake. Nilijua nyumba yangu imekwisha kufungwa.

Mama Venansia alikuwa mkongwe wa biashara ya sambaza, mama mzito wa maneno ambaye hata maofisa wa mpakani walimwamkia kwanza. Siku hiyo aliuza haraka akarudi mapema, na kilio alikisikia akiwa bado barabarani. Aliingia na beseni kichwani, akaangalia ukuta, akaangalia mashuka, akaniangalia mimi.

“Bikwembe biko wapi?” akauliza.

Nikamnong'oneza kwamba vitenge nimevificha, kuna wageni na vinanuka.

“Basi ungetuficha na siye,” akasema, wala hakupunguza sauti. “Siye ndiyo tunanuka. Bale bamama bote banakuletea batoto sababu ya kazi yako, haiko sababu ya mashuka. Bageni bamekuja kuona kazi yako, na weye unabaonyesha kazi ya muntu mwingine.”

Maneno yale yaliniingia. Sikumkasirikia, nilitaka tu kulia pamoja na watoto. Nikatoka, nikaleta gunia, nikalimwaga katikati ya chumba mbele ya wageni. Kijana wa watu akasogea dirishani. Nikampa kila mtoto kitenge chake bila kuuliza ni cha nani. Keza akashika pindo, akaliweka puani, akafumba macho. Kimya kikarudi kidogo kidogo.

Yule mama mwalimu akachuchumaa karibu yangu. “Na mutoto mwenye anakataa kikwembe yake?” akauliza kwa sauti ndogo.

Nikamwambia kwamba akikisahau kwa sababu ya michezo, najua amenizoea. Na aliyekwisha kuzoea akikidai tena ghafla, najua nyumbani kuna jambo. Jioni namvuta mama yake pembeni na kumuuliza taratibu.

“Hii ndiyo tulikuwa tunatafuta toka asubui, Maman,” akasema. “Siwezi andika kitu yenye sijaona.”

Wakanihesabia kulea, kulaza na kuzungumza na wazazi kuwa nimekwisha kuyasoma. Ile hesabu ya Kifaransa waliikataa yote, na walikuwa na haki. Nilikwenda kujifunza kufundisha pamoja na vijana waliokuwa wakiniita Maman darasani. Huko huko nikafundishwa kwamba kila kitenge kinahitaji mfuko wake, maana upele huhama kwa nguo. Hilo sikulijua, na mpaka leo nashukuru kwamba niliambiwa.

Nyumba haikufungwa. Siku nilipovaa joho, Mama Venansia alikuja moja kwa moja kutoka sokoni na beseni lake, akaketi mstari wa mbele. Watu walisogea kidogo. Mimi nilimwona nikafurahi kuliko nilivyofurahia ile karatasi.

Kwa hiyo, mwanangu, koti la watu lirudishe. Wakija hao walimu, pika sombe yako ya majani ya muhogo na sambaza zako kama unavyowapikia madereva wanaokujia kila mchana. Waambie unajuaje kwamba mafuta yamepata moto, na waambie pia chakula kilichokushinda na ulivyokiokoa. Usione kwamba unajisifu, kwa sababu usipoonyesha hawana namna ya kujua. Wakikuuliza usilolijua, sema sijui, ndiyo sababu ya kwenda chuo. Na kama kuna jambo la jikoni kwako unalolionea haya, litazame vizuri kabla ya kulificha. Mimi karibu nifiche kazi yangu nzima ndani ya gunia.

Haya, nenda. Mungu akutangulie kwenye moto huo, awape wageni wako njaa na moyo mzuri. Akuvushe na kwenye yale masomo yatakayobaki, hata yale magumu. Na uingie darasani mikono yako ingali inanuka vitunguu, na atakayekuja kukupongeza aishike hivyo hivyo.