Vigingi vya Kiembe Samaki

Siku mama mkwe wangu alipozimia, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Tulikuwa tumepanga nyumba Mpendae, bati la paa liko chini, na dirisha la chumba chake limetazamana na ukuta wa jirani. Feni iliposimama, hewa nayo ikafa. Mchana nikamkuta sakafuni, kanga imemganda kwa jasho. Nikamburuta hadi ukumbini, nikamtia maji kichwani, nikampigia simu mume wangu.

Alizinduka, akasema hana kitu. Midomo yake ilikuwa mikavu kama karatasi.

Wakati huo tulikuwa na kiwanja Kiembe Samaki, na fundi alishachomeka vigingi vya kupimia msingi. Mume wangu alitaka sebule kubwa ya vioo mbele, na kiyoyozi kila chumba. Ramani ile alishawaonyesha hadi kaka zake. Jioni nikamwambia ibadilike: vyumba vifuatane mstari mmoja, kila kimoja kiwe na dirisha upande wa kaskazini na jingine kusini, dari iwe juu, na baraza pana lizuie jua lisipige kuta. Sebule ingepungua nusu.

Akasema nimeingiwa na hofu tu, tutanunua jenereta.

"Na siku mafuta hakuna," nikamuuliza, "mama atavuta hewa gani?"

Akaikunja ramani. Akala, akalala, na kesho yake akaikunjua tena ramani ile ile. Nikaogopa. Sikuwa nimewahi kumpinga mbele ya mama yake, na mama alisikia kila neno.

Mwisho mama mwenyewe akamwita. Akamweleza nyumba ya Mji Mkongwe alimokulia, kuta nene za mawe na chokaa, uwazi katikati, na walivyokuwa wakilala mchana wa joto la kaskazi bila feni.

"Sebule ya wageni mimi siitaki, mwanangu," akamwambia. "Nnataka kupumua."

Mume wangu akatoka bila kuaga. Nikadhani kaenda kunishitaki kwa kaka zake. Alasiri nikapita kiwanjani, nikamkuta yeye na fundi wanang'oa vigingi. Hakunitazama. Akanipa ncha ya uzi wa kupimia.

"Shika hapo," akasema. "Usiulegeze."

Sasa nyumba imesimama, tunaishi humo. Kiyoyozi hatuna hata kimoja. Wageni wakizidi huketi barazani, na mume wangu bado huwaomba radhi kwamba sebule ni ndogo.