Kipande cha Uzi

Shangazi yangu aliingia kiwanda cha nguo akiwa msichana, na miaka mingi alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mabosi waliuogopa ulimi wake. Kwenye mkataba wa pamoja aling'ang'ania mambo mawili mpaka akayapata: bonasi kwa zamu inayofikisha lengo, na haki ya kusimamisha mashine isiyo na kinga bila kuadhibiwa. Bonasi waliipigia vigelegele. Haki ile nyingine hakuna aliyeigusa.

Uzi ukikatika, ilibidi mashine isimame, ufungue kinga ya bati inayofunika gia, ndipo uunge. Lengo lingefikiwa saa ngapi? Basi kila mmoja aliifunga kinga juu kwa kipande cha uzi, akawa anaunga mashine ikienda. Mkaguzi akionekana, uzi unakatwa, kinga inashuka. Wajanja kweli.

Siku moja mkono wa rafiki yake wa ujana, waliyemwita Mama Kicheko, nusura uliwe na gia. Shangazi akazima mashine za mstari mzima. Bonasi ikaota mbawa. Kampuni haikumgusa, mkataba ulimlinda. Waliomwadhibu ni wenzake: walimvua uwakilishi kwa kura mkutanoni, na wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Mama Kicheko. Shangazi alilia kama aliyefiwa.

Haukupita mwaka, gia zikala vidole vya Mama Kicheko. Kampuni ikasema kinga aliifunga juu mwenyewe, hivyo hana kazi wala fidia. Mkataba ulimpa haki ya kuingia kikao cha kujitetea na mtu wa chama. Mwakilishi mpya akasema anaumwa tumbo. Shangazi akaenda.

“Kila mashine ina uzi kama ule,” aliwaambia mabosi. “Twendeni mkaone.”

Walishuka wote. Lakini wafanyakazi waliwaona kwenye ngazi, wakafanya walivyozoea. Kila kinga ilikuwa chini. Sakafuni vilikuwapo vipande vya uzi, lakini kiwanda cha nguo gani hakina uzi sakafuni? Shangazi aliwatazama wenzake mmoja mmoja, na wote wakainamia kazi. Mpaka leo nikikutana nao njiani siwasalimii.

Mlangoni, Mama Kicheko, aliyekwisha kufukuzwa, alihangaika na koti lake.

“Dada, mimi ndiye niliyeanza kunyoosha mkono.”

“Najua,” shangazi alisema, akimfunga vifungo. “Nilikuwa nimekaa mbele yako.”