Siku Nilipomwambia Afande Tumelipa Nauli

Aibu niliyoipata Changamwe sijawahi kuisimulia bila kujifunika uso kwanza, kwa hivyo afadhali niiandike, karatasi haicheki.

Kwaya yetu ya vijana hapa Bombolulu ilialikwa harusini, tumwingize bibi harusi kanisani kwa wimbo, na mjomba Charo, kaka yake mama, akakubali kutupeleka na gari lake la viti saba mradi kila mtu atoe nauli kidogo. Mimi sipendi kubanwa katikati ya watu na vicheko vyao, nikawahi kiti cha mbele. (Sikujua kiti cha mbele ndicho cha kujibu maswali.)

Karibu tunafika, tukasimamishwa. Afande akaangalia cheti cha bima, akachungulia ndani.

"Mzee, bima hii ni ya gari la kibinafsi. Hawa ni nani?"

"Wanangu hawa, afande."

Akatutazama tulivyopangana na majoho yetu ya zambarau. "Wote sita? Na wamelingana hivi? Mama yao hupumzika lini?"

Kule nyuma wakaangua kicheko, lakini mimi nilidhani afande anashuku mjomba ametuiba, basi mimi ambaye hata darasani jina langu likiitwa huitika kwa kunong'ona, nikatoa sauti yote ya kwaya:

"Afande, usimshuku mjomba! Tumekuja kwa hiari yetu na kila mtu amelipa nauli!"

Mjomba akafumba macho kama anayesali.

"Kadzo wee," Dama, mwenzetu wa kwaya, akasema kutoka nyuma, "umetumaliza."

Afande wala hakufoka. "Sikiza mwanangu, bima hii ni yake yeye na safari zake. Akibeba watu wa nauli, lazima awe na bima ya kubebea abiria. Mkipinduka hapo mbele, kampuni itasema haiwajui, mtalala hospitali mkitazamana."

Gari likaenda kituoni na mjomba wangu ndani, sisi tukapanda kilima kwa miguu, majoho tumeyakunja hadi magotini, jua la saa saba, watoto wa mtaani wakitufuata wakidhani ni maandamano. Tulipofika, bibi harusi alikuwa ameshaingizwa kwa makofi matupu, ameshaapa, anatoka. Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa ametangulia, akakataa tuondoke bila kuimba, basi tukamwimbia "karibu, ingia" huku anapanda gari aende zake.

Mjomba amenisamehe, ila Dama na wenzake sasa huniita Mama Bima. Sawa tu. Sijutii kusema kweli, najutia kuisema barabarani badala ya nyumbani. Nimeapa: gari la mtu likinidai nauli, kabla sijaweka mguu ndani nitauliza bima yake ni ya kubebea nani, na nitauliza kwa sauti ileile.