Siku Mama Alipokataa Samaki wa Mawakili

Mwaliko ulikuwa wa Mama, si wangu. Mimi nilipata kiti kwa sababu Mama, jirani yangu hapa Kombewa, alisema hawezi kupanda ngazi za hoteli ya Kisumu bila mtu wa kumshika mkono. Kumbe hoteli yenyewe haikuwa na ngazi, hema lilikuwa kwenye nyasi karibu na ziwa, na Mama hutembea kunishinda. Labda aliniona nina hamu ya kwenda. Sijui, sikumuuliza.

Mawakili walikuwa wanachangisha ili ile ofisi yao ya bure, chumba kimoja kando ya soko letu, isifungwe. Humo ndimo wakili mmoja kijana, dada mwembamba mwenye sauti kubwa, anaishika kesi ya Mama. Shemeji ya Mama analitaka shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Huyo shemeji, nisimwonee, ni mtu mpole, na ng'ombe wake hawajawahi kuingia kwenye mahindi yangu. Lakini shamba analitaka, na ameweka wakili wa kulipwa. Chumba kikifungwa, Mama atasimama mbele ya hakimu peke yake. Ndiyo maana siku hiyo tulivaa nguo za kanisani.

Waandalizi walimketisha Mama meza ya mbele. Ili asijione mgeni, wakamwekea mkwewe papo hapo, uso kwa uso. Mkwe huyo ni wakili wa mjini, amemwoa binti yake wa mwisho. Viti vilipangwa na bibi mmoja kutoka Nairobi, na nia yake ilikuwa njema, ningependa hilo lijulikane. Ila huku kwetu mama na mume wa binti yake hawali wakitazamana. Mimi ni mtu wa Busia, na hata kwetu ni hivyo hivyo. Unayemheshimu hakuoni ukitafuna.

Samaki wakaletwa, wazima, wamekaangwa, na mboga ya osuga na ugali juu. Mama akakunja mikono. Mkwe naye akaangalia paa la hema kama fundi anayetafuta linapovuja. Kisha akaweka simu sikioni akaanza kuongea na mtu, "Ndiyo, ndiyo, endelea," na katikati ya mazungumzo simu ikalia.

"Mama, toka kidogo ukale kule kwa wapishi," nikamnong'oneza.

"Nitoke vipi? Nimewekwa hapa kama picha ya arusi."

"Basi yeye atoke."

"Yeye ndiye mweka hazina. Akitoka na lile sanduku la michango watasema ametoroka."

Nikavuta soda yangu karibu.

Mshereheshaji, wakili mnene mwenye maneno mengi, akapita na kipaza sauti. Akaona ile sahani. Akasimama.

"Waheshimiwa! Tazameni sahani ya Mama! Haijaguswa! Hivi ndivyo dhuluma inavyomfanya mtu! Na mkwewe pia, jamani, hata tonge moja! Nyinyi mtakula mshibe?"

Vijiko vikashuka. Bwana mmoja mwenye tai nyekundu akavua miwani akafuta macho. Watu wakaanza kuinuka kwenda kwenye sanduku, mmoja mmoja, kama wanaokwenda kutoa sadaka.

"Mama, wanafikiri ni uchungu," nikasema.

"Wacha wafikiri. Wakili akilia bure, hiyo si kitu ya kukatiza."

Hapo mimi nikaingia taabuni. Kama huu ni uongo, nani aliyeusema? Mama hakusema neno. Samaki hakusema neno. Mimi niliishia darasa la nane, huenda mtu aliyesoma zaidi angeona haraka kosa liko wapi. Nilikifikiria kile chumba cha sokoni, nikainua soda yangu nikanywa polepole.

Ndipo wakampa Mama kipaza sauti.

"Shemeji yangu anataka shamba langu," akasema. "Hiyo ni kweli, na uchungu niko nao. Lakini uchungu haujawahi kuninyima samaki. Sili kwa sababu mmeniwekea mkwe wangu mbele kama chumvi."

Wa kwanza kucheka walikuwa wahudumu. Halafu meza za nyuma.

"Pingamizi!" mtu akapiga kelele.

Wakili mmoja mzee akainuka, uso mkavu kabisa. "Pingamizi limekataliwa. Mkwe na aondoke pamoja na sahani yake."

Mkwe hakungoja hukumu imalizike. Alikwisha fika kwenye mlango wa hema, sahani mkononi, sanduku kwapani.

"Bwana, sanduku libaki!" mzee akamwita.

Yule wa tai nyekundu akalalamika kwamba amelizwa kwa jambo ambalo halikuwepo. Mzee akamuuliza, "Wewe ulichangia ofisi, au ulichangia samaki?" Wa tai akacheka mwenyewe, akaenda kuongeza. Mama angenyamaza, wangetoa zaidi? Inawezekana. Siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba bibi wa Nairobi, baada ya kumwomba Mama radhi kwa mikono miwili, alitangaza kwamba kile chumba kitakuwa wazi mwaka mzima.

Mama alikuwa amefika kwenye kichwa cha samaki wakati wakili wetu kijana alipokuja kuchuchumaa karibu na kiti chake.

"Mama, siku ya kesi nitamwita mkweo awe shahidi. Marehemu alimtembeza mpakani akamwonyesha mkonge alioupanda."

Mama akanyonya mfupa kwanza.

"Kwa hiyo tutakaa chumba kimoja na yeye?"

"Ndiyo, Mama. Pengine siku nzima."

"Na huko kortini wanapika?"

"Hapana, Mama."

"Basi aje."