Nepi za Salma

Majuzi nilimpeleka mjukuu wangu mchanga kliniki. Daktari akanieleza kuwa tumboni damu ya mtoto hukwepa mapafu, kwa sababu bado hayavuti pumzi. Akizaliwa akalia, njia ile hujifunga na damu huenda mapafuni. Isipojifunga, mtoto hubadilika rangi.

Nilikumbuka ua wetu wa Kariakoo nilipokuwa mtoto, ulionuka dagaa na maji ya kufulia. Sabuni ilikuwa ya foleni, na siku moja duka la ushirika halikuwa nayo. Nepi za Salma, mdogo wangu wa siku mbili, nilizisuuza kwa buluu ya kufulia tupu ili ziwe nyeupe. Alasiri midomo yake ikawa ya buluu, kisha kucha. Nilidhani rangi imempenya, nikamsugua kwa kitambaa mpaka akaacha kulia.

“Umemtia nini mwanangu?” mama aliuliza.

“Buluu, mama.”

Salma alizikwa kesho yake. Wadogo zangu waliofuata, mama hakuniruhusu kuwabeba hata mmoja.

Nilimuuliza daktari kama buluu ya kufulia inaweza kuua mtoto. Alicheka.

“Haiwezi, bibi. Nani alikudanganya?”

Mama yangu alikufa akiamini ni mimi.