Siku mkamwana alipofungua mnyororo akiwa juu ya gurudumu la bembea, Mbeya miaka ya hamsini

Wakuu, habari za asubuhi. Kamwene kwa wa nyumbani Iringa. Wa Mbeya, ndaga.

Nimesoma ule uzi wa jana kuhusu mabembea makubwa ya umeme huko mjini. Mmebishana kurasa nzima: nani anakagua, bolti zinabadilishwa lini, operator amesomea wapi. Maswali mazuri sana hayo.

Ila kuna swali moja hakuna aliyeuliza, na ndilo lililonitoa jasho mimi. Nikaona mzee wenu nisikae kimya.

Nakaribia miaka tisini. Siuzi kitu, sigombei cheo. Nitasema niliyoyaona, na pale nisipokumbuka nitawaambia sikumbuki. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Twende.

Mimi ni mtu wa Kihesa, Iringa. Mhehe. Ujana wangu nilikuwa fundi wa malori. Siku moja pale Mlandege ikaja bembea ya ajabu, mali ya Singasinga mmoja tuliyemwita Bwana Sohan. Fundi hasa, ameiunda mwenyewe kwa vyuma vya malori yaliyokufa.

Vijana msifikirie vitu vya taa na muziki. Lilikuwa gurudumu kubwa la chuma limesimama wima, urefu wake umepita nyumba. Pembeni yake vimening'inia visanduku vya mbao, kila kimoja watu wawili. Linazungushwa na injini ya lori. Breki ni ya mkono, mpini mrefu wa chuma unauvuta kwa nguvu zako zote.

Mtu akikaa kwenye kisanduku, anavuta mnyororo mbele ya tumbo lake na kuuchomeka kwenye ndoano. Mwenyewe anafunga, mwenyewe anafungua. Hiyo ndiyo ilikuwa safety yetu.

Bwana Sohan alinichukua nimwendeshee. Kazi yangu ilikuwa moja tu: aliyepanda ashuke mzima.

Na niliifanya wakuu, msicheze na mimi. Kila asubuhi kabla watu hawajaja nilikuwa napanda juu na nyundo, nagonga bolti moja moja nasikiliza. Iliyokaza inalia, iliyolegea inanung'unika. Napaka grisi. Kisha naweka magunia ya mchanga kwenye visanduku vyote nazungusha mara kadhaa, navuta breki, naangalia kama linasimama pale ninapotaka.

Iringa tulimaliza salama. Tukabeba vyuma kwenye malori mawili, hao Mbeya.

Sasa nisikilizeni hapa.

Mbeya tulisimika kwenye uwanja mmoja wa wazi, mlima Loleza uko mbele yetu. Ulikuwa msimu wa maonyesho ya mazao, watu wametoka Tukuyu, Chunya, Usangu, kila upande. Foleni imezunguka uwanja. Nikaambiwa hata wachimba dhahabu wa Makongolosi wamepanda malori kuja kuona chuma kinachobeba watu angani.

Alikuja mama mmoja mdogo, bado binti kabisa, anaitwa Atupele. Jina nililijua baadaye. Mumewe alikuwa huko huko Makongolosi kazini, yeye amekuja na jirani yake. Wote Wanyakyusa. Nikawapandisha, wakafunga mnyororo wanacheka. Nikasogeza gurudumu kidogo nipakie wengine.

Nikaendelea kupakia hadi kisanduku cha mwisho. Akaja mzee mmoja mrefu, koti jeusi, fimbo. Nikamsaidia kwa heshima zote, nikampokea fimbo nikaiweka chini, akakaa peke yake.

Nikalisogeza gurudumu. Kisanduku cha mzee kikanyanyuka kutoka ardhini, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Akina Atupele wakawa karibu na kilele, upande uleule, wanaangalia chini moja kwa moja.

Nikasikia mtu anapiga kelele. Ni yule jirani yake.

Kutazama juu, Atupele amejifunika kanga kichwa chote. Mnyororo ameshaufungua unaning'inia. Amesimama! Kisanduku kinayumba, na mguu mmoja ameshautoa nje anatafuta chuma cha kukanyaga.

Nilivuta breki kwa mwili mzima.

Wakuu, tangu siku ile sijaogopa tena namna ile. Nilidhani ni kizunguzungu, au kichaa kimempanda. Nikamwambia akae. Hakai. Nikamuuliza ana nini, nini kimemtisha. Hajibu neno. Yule jirani amemng'ang'ania nguo, analia tu.

Chini watu wanapiga kelele, wengine mshushe, wengine usimguse. Nikizungusha, anaanguka. Nisipozungusha, anashuka kwa kushika vyuma nilivyovipaka grisi asubuhi kwa mikono yangu mwenyewe.

Kulikuwa na mama anauza ndizi karibu na injini, wanamwita Mama Bupe. Akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Mwanangu, yule uliyempandisha mwisho ni baba mkwe wake. Mtoe mzee, binti atakaa."

Mimi Mhehe nikabaki nimeduwaa. Kwetu heshima ya ukweni ipo, tena kubwa. Lakini kwa Wanyakyusa wa wakati ule ilikuwa jambo jingine kabisa. Mkamwana hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani anaingia porini. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, na jina lake halitamki. Ndiyo maana nilipomuuliza nini kimemtisha hakujibu. Angejibuje?

Na mimi nimewapanga kwenye gurudumu moja, mmoja juu mmoja chini, wanazunguka wanatazamana.

Kabla sijafanya lolote, mzee naye akainua macho akaona ile kanga. Akaelewa. Huwezi kuamini, mzee wa watu akafungua mnyororo wake akajirusha chini.

Alianguka kwa ubavu, mguu ukamgeuka. Akainuka, akaondoka anachechemea, uso ameuelekeza upande wa pili, hadi nyuma ya malori yetu asikoonekana.

Jirani akamnong'oneza Atupele. Akarudisha mguu ndani, akakaa.

Nikazima injini, nikawaomba vijana wenye nguvu tukalizungusha gurudumu kwa mikono, polepole. Kisanduku chake kikafika ardhini. Akina mama wakamzunguka wakaondoka naye, kichwa bado kimefunikwa.

Uwanja ukapoa.

Dakika chache tu, Bwana Sohan ananiambia washa mashine, foleni inavunjika.

Nikamwambia siwashi.

Sikupanga kusema hivyo, lilinitoka. Lakini lilipotoka nikaona ni kweli. Watu wawili wamefungua mnyororo hewani, mbele ya macho yangu, siku hiyohiyo. Na uwanja umejaa wakwe na wakamwana. Wangapi watakutana kesho?

Bwana Sohan alikasirika, na mimi simlaumu. Alikagua chuma chote mbele yangu, akagonga ndoano, akavuta mnyororo. Vyote vizima. Akaniuliza nimwonyeshe kilichovunjika. Kisha akasema neno ambalo nacheka nalo hadi leo:

"Chuma haina mkwe, Lukas."

Nikamjibu, "Chuma haina, bwana. Waliokaa juu yake wanao."

Akanifukuza kazi. Nikasema sawa, ila nikachomoa hendeli ya kuwashia injini nikaikumbatia. Nikakaa nayo juu ya gunia la mchanga. Akasema ataita polisi. Nikamwambia waite, nitawaeleza kwa nini. Jamani, nilikuwa kijana mpole, waulizeni wa Kihesa, lakini siku hiyo hata wangekuja na bunduki nisingeitoa hendeli ile. Kila nikifumba macho naona ule mguu unatafuta chuma cha grisi.

Tulikaa hivyo hadi watu wakaanza kutawanyika. Mwisho Bwana Sohan akaja akakaa gunia la pili. Hasira imepoa. Akaniuliza nataka nini hasa.

Nikamwambia nataka mnyororo utoke. Pawe na nondo mbele ya abiria, na pini yake iwe nje, chini ya kisanduku, mahali ambapo anayefikia ni mimi tu niliyesimama ardhini.

Akatikisa kichwa. Hapo nikamwona tofauti. Alisema amewahi kuona dereva mwenzake ameungua ndani ya lori, mlango umekataa kufunguka. Ndiyo maana aliweka ndoano ambayo hata mtoto anaifungua. Injini ikishika moto watu wako juu wamefungiwa, je?

Swali la haki kabisa.

Tukalala na swali hilo. Kesho yake hatukufungua. Tukalitengeneza wawili: tukaweka mkono wa chuma na gea ya winchi ya lori, ili hata injini ikifa mtu mmoja aweze kulizungusha gurudumu zima kwa mkono na kushusha wote. Nondo tukazipinda kwa moto, pini tukazipeleka nje. Nikajifungia mwenyewe ndani ya kisanduku, Bwana Sohan akanipeleka hadi kileleni, nikahangaika kufungua kwa mikono na miguu. Wapi! Kisha akazima injini akanishusha kwa mkono, jasho linamtiririka kwenye ndevu.

Chuma tukawa tumekimaliza. Wakabaki watu.

Hapa ndipo nilipochekesha uwanja mzima. Tulipofungua nikasimama juu ya pipa nikatangaza kwa sauti, wote wenye wakwe zao hapa wajitokeze mbele!

Wee! Akina mama wote vijana walitoweka kwenye foleni kama kuku walioona mwewe. Maana kujitokeza kwenyewe ni kumtaja.

Mama Bupe alicheka hadi akaziweka chini ndizi zake. Akaniambia, "Mwanamke usimuulize. Waulize wazee wa kiume, wao hawakatazwi kusema wana wakamwana."

Basi tukaweka utaratibu. Wazee wakapewa zamu zao peke yao. Kabla ya zamu yao napiga kengele, hodi kubwa. Wakamwana wakiisikia wanasogea upande wa pili wa malori wanapiga soga, hakuna aliyeulizwa kitu, hakuna aliyeaibika. Zamu ya wazee ikiisha napiga tena, wazee wanaondoka, wenzao wanarudi. Mama Bupe akawa anasimama mwanzo wa foleni kwa jicho lake lile, maana alijua koo zote.

Nakwambieni, foleni ilikuwa ndefu kuliko mwanzo. Bwana Sohan akasahau kwamba alinifukuza.

Siku ya mwisho kabla ya kung'oa vyuma, yule mzee wa koti jeusi akaja. Anachechemea bado. Nikajua amekuja kudai mguu wake. Nikaanza kumwomba radhi. Akanizuia kwa mkono.

"Kijana, mkamwana wangu hajamaliza zamu yake," akasema. "Yuko kule na wenzake, anaogopa. Mpandishe. Mimi nitausimamia mlima."

Sikumwelewa hadi nilipomwona anakwenda zake ukingoni mwa uwanja, akageuka kuitazama Loleza, mgongo umetuelekea. Akaegemea fimbo.

Mama Bupe akaenda kumchukua Atupele. Akaja kichwa kimefunikwa, hatua fupi fupi. Nikamfungia nondo, nikachomeka pini, nikamwonyesha mzee kule mbali, ametupa mgongo. Akaangalia kidogo, akaangalia chini. Akakaa vizuri.

Nilimzungusha taratibu. Mzunguko wa kwanza ameinama. Wa pili akashusha kanga mabegani. Wa tatu, alipofika kileleni na Mbeya yote iko chini yake, nikasikia kicheko. Cha sauti, cha binti mdogo. Nikampa mizunguko mingi kuliko zamu inavyoruhusu na Bwana Sohan akajifanya haoni.

Aliposhuka na kuondoka na wenzake, nilikwenda kumwambia mzee kwamba anaweza kugeuka sasa. Hakugeuka mara moja. Upepo wa mlimani ulikuwa unavuma kuelekea kwetu, hakuwa amesikia kitu. Na hakuwa na namna ya kumuuliza mwenyewe, maisha yake yote.

"Alicheka?" akaniuliza.

"Alicheka, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuutazama mlima.

Basi wakuu, ndilo nililotaka kuwaambia ninyi mnaobishana juu ya bolti. Bolti kagueni, breki jaribuni, pini zibadilisheni kabla hazijachoka. Lakini mkimaliza, tazameni waliokaa juu: ni nani, wametoka wapi, wanaogopa nini kuliko kuanguka. Sisi tulikagua chuma kila asubuhi na bado tulikaribia kumpoteza binti wa watu.

Kama kuna Mnyakyusa humu ambaye bibi yake aliwahi kumsimulia bembea ya Singasinga, aandike hapa chini. Na ninyi mnaoendesha hizi za kisasa, niambieni: kwenu mnamuuliza nini mtu kabla hamjamfungia?