Harufu Iliyokwenda kwa Majirani

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa pua. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi hapa Mpepai, nami najua kila kitu, kama unavyojua wewe sasa. Usinune, nakutania tu.

Mama mkwe wangu alikuwa ametoka kuugua sana, chakula chote kinamchukiza. Alichotamani ni juisi ya mpesheni wake uliotambaa nyuma ya jiko, na hakuweza kumeza zaidi ya vijiko vitatu. Msimu nao ulikuwa unaisha. Nikakamua matunda yote yaliyobaki, nikapata sufuria mbili. Nikawaza, kwa kuwa anakunywa kidogo, niifanye nzito ili kila kijiko kiwe na kitu. Nikabandika sufuria ya kwanza motoni, ikachemka mpaka ikabaki robo.

Nyumba ilinukia, mwanangu! Majirani walisimama njiani wakinisifu. Nikampelekea mama kwa majivuno. Akaonja, akarudisha kijiko polepole.

"Asante, mwanangu," akasema. "Ila tunda langu umewapa majirani. Mimi umeniachia sukari."

Nililia, sikufichi. Harufu niliyoiringia ndiyo iliyokuwa ikimkimbia mgonjwa wangu.

Kesho yake nikabeba juisi iliyobaki hadi Mbinga mjini, kwa shangazi yangu aliyeuza samaki wa ziwani na kumiliki friza. Nilipomsimulia, alicheka kwanza.

"Moto unafukuza kila kitu, wewe. Baridi inachagua."

Tukasugua friza isinuke samaki, tukaiweka sufuria ndani. Maji yakaanza kuganda, utamu ukabaki haujaganda. Tukakoroga, tukachuja vipande vya barafu, tukairudisha tena. Kutwa nzima nimeinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaonja barafu, karibu maji matupu. Juisi iliyobaki ilijaa chupa moja ndogo, nzito, na harufu yote imo. Nikaizungushia barafu ileile, nikapanda gari la kurudi.

Mama akanywa kijiko cha kwanza, akafumba macho. Cha pili. Cha tatu.

"Hii imetoka nyuma ya jiko langu," akasema, akanyoosha mkono kuomba cha nne.

Sisemi juisi ndiyo iliyomponya. Dawa za hospitali zilifanya kazi yake. Lakini kijiko cha nne nilikiona kwa macho yangu. Miaka baadaye afisa lishe alinieleza kwamba vitamini na viini vingine vyenye faida ndani ya tunda, vingi haviupendi moto, na baridi huvitunza zaidi.

Basi, mwanangu, ukitaka juisi nzito, igandishe uitoe maji; usiichemshe ukaitoa roho. Osha mikono na vyombo, maana baridi haiui vijidudu, na usiiache nje ya friza. Subira yavuta heri. Na wapita njia wakikusifu, rudi ndani umuulize uliyemwandalia.

Mungu akulinde, aibariki mikono yako, na siku zote akujalie mtu wa kukuomba kijiko cha nne.